Si Kila Joto ni Malaria: Jinsi ya Kumsoma Mtoto Mgonjwa

Kaa kwenye benchi la dispensari yoyote ya Nyalenda au Manyatta, mitaa ya hapa Kisumu, Jumatatu asubuhi, usikilize akina mama wanavyoulizana. "Wako ana nini?" "Malaria." "Na wako?" "Malaria pia, lakini huyu imemwingia kifuani." Hakuna hata mmoja aliyepimwa bado. Jina limekwisha kutolewa nyumbani, na nyanya au jirani au kijana wa kemisti, na mtoto anafika kwa daktari akiwa tayari ana ugonjwa wenye jina.

Nami nimekaa kwenye benchi hilo. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi kumi na mmoja, mwili unachemka, na kwa siku mbili nilikuwa nikimpa dawa ya malaria niliyouziwa bila swali hata moja. Mama mkwe alinituliza kwa Kijaluo: "Nyathina (mwanangu), ni midhusi (malaria) tu, itapita." Siku ya tatu afisa wa kliniki alimfunua mtoto shati, akashika saa yake, akakitazama kifua kwa dakika nzima bila kusema neno. Kisha akaniuliza, "Anapumua hivi tangu lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimegusa paji la uso mara mia, sikuwahi kukitazama kifua. Ilikuwa nimonia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuandika jambo hili kwa wazazi wenzangu. Si kazi yako kulijua jina la ugonjwa. Kazi yako ni kujua mtoto mgonjwa anaonekanaje, na dalili zipi zinasema usingoje kuche.

Fujo inaanzia kwenye maneno. Kenya ya leo mtu akipiga chafya mara mbili anasema ana homa, akimaanisha mafua. Ukivuka mpaka ukafika Musoma au Mwanza, mtoto mwenye homa ni mtoto ambaye mwili unachemka. Hapa Kisumu joto hilohilo tunaliita malaria, au midhusi kwa Kijaluo, bila kujali limeletwa na nini. Basi mama mmoja anasema "ana homa" na nesi anafikiria makamasi. Mwingine anasema "ana malaria" akimaanisha tu kwamba amemgusa akamkuta moto. Katika makala haya homa itakuwa na maana moja: joto la mwili lililofika nyuzi 37.5 au zaidi likipimwa kwapani. Malaria ni ugonjwa mmoja mahususi, wa vimelea vinavyopandwa mwilini na mbu jike aina ya anofelesi. Mafua ni ugonjwa wa pua na koo. Nimonia, au homa ya mapafu, ni pale vijidudu vinaposhambulia mapafu yenyewe, na vile vifuko vidogo vya hewa vinajaa majimaji na usaha badala ya hewa.

Homa basi si ugonjwa. Ni kama mbwa anayebweka usiku: anakuambia kuna mtu langoni, lakini hakuambii kama ni mwizi, jirani, au paka tu. Malaria hubwekewa, nimonia hubwekewa, maambukizi ya njia ya mkojo, sikio, surua, taifodi, homa ya uti wa mgongo, hata mafua ya kawaida. Ukimpa mtoto parasetamoli joto likashuka, umemnyamazisha mbwa. Aliye langoni bado yupo. Dawa hiyo si mbaya, inampa mtoto nafuu na anaweza kunywa na kunyonya, ila hupimwa kwa uzito wa mtoto na isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto.

Na ukali wa joto haukuambii ukali wa ugonjwa. Kuna mtoto wa nyuzi 39.5 anayekimbiza kuku uani, na kuna mwingine wa nyuzi 38 aliyelegea kama kitambaa. Wa pili ndiye wa kumkimbiza hospitali. Kwa hiyo mtazame mtoto kabla hujatafuta kipimajoto. Wahudumu wa afya duniani kote hufundishwa dalili nne za hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, na hakuna hata moja inayohitaji mashine: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu anachopewa, amepata degedege katika ugonjwa huu, amelegea mno, haamki vizuri, au amepoteza fahamu. Ukiona moja tu, safari imeanza. Hakuna kungoja dawa ya kemisti ifanye kazi, hakuna kungoja baba arudi kutoka kazini.

Kwa kichanga wa chini ya miezi miwili mpaka ni mkali zaidi. Homa yoyote kwake ni ya hospitali siku hiyohiyo. Tena kichanga mwenye maambukizi makali huenda asiwe na joto kabisa. Anakuwa baridi, anaacha kunyonya, halii kama alivyozoea. Mama anayesema "mtoto wangu amebadilika tu, sijui nini" asikilizwe.

Tuje kwenye malaria yenyewe, kwa sababu sitaki mtu aondoke hapa akidhani nasema malaria ni hadithi. Ukanda wa Ziwa Viktoria ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea katika damu ya asilimia 19 ya watoto wa ukanda huu, wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 14, ilhali kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 6. Vimelea hivi huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, na kuzipasua. Mtoto anapoteza damu bila kutoka tone nje. Ndiyo maana muuguzi hugeuza kiganja cha mtoto na kukilinganisha na chake: kiganja cheupe ni upungufu wa damu. Chembe zilizovamiwa hunata pia kwenye mishipa midogo, na zikinata kwenye ubongo ndipo mtoto anapoteza fahamu. Kutoka homa ya kwanza hadi hapo huenda ikawa siku moja au mbili tu.

Lakini itazame tena ile asilimia 19. Watoto wale hawakuwa wagonjwa waliolazwa. Walipimwa nyumbani kwao, wengi wakiwa wanacheza. Maana yake ni kwamba hapa kwetu mtoto anaweza kubeba vimelea vichache vya malaria bila kuumwa navyo. Akipata nimonia wiki hiyo, kipimo cha malaria kitasema ndiyo, na kitakuwa kimesema kweli, na bado kinachomkaba pumzi ni nimonia. Hili ndilo fundo gumu kuliko yote, na ndilo linalowapoteza hata watu wenye uzoefu. Kipimo kikisema kuna malaria, mtibu malaria. Ila kama anapumua mbio, uliza: "Na kifua chake umekitazama?"

Kuna fundo la pili. Kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta protini inayoachwa na vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Mtoto akimaliza dawa leo na kupimwa wiki ijayo, kipimo kinaweza bado kuonyesha malaria. Wengi huamua hapo kwamba dawa imeshindwa, wakanunua nyingine kali zaidi. Katika hali hiyo damu itazamwe kwa hadubini.

Dawa ya malaria ya kawaida tuliyo nayo, ile ya mseto tunayoiita AL, hutolewa kwa uzito, dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata ya kwanza baada ya muda wa saa nane, kisha asubuhi na jioni. Hufyonzwa vizuri ikiwa na chakula chenye mafuta, hivyo mpe mtoto maziwa au mnyonyeshe. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Akichangamka siku ya pili, dozi za siku ya tatu bado ni zake. Usimwekee mdogo wake.

Na watu wa Nakuru nao wana lao. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na baridi yake huchelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, mara nyingi mbu hufa kabla havijakomaa. Mtoto aliyezaliwa Nakuru hajazoea malaria hata kidogo. Desemba anapelekwa ushago Siaya au Busia, analala wiki mbili bila neti kwa binamu zake ambao miili yao imekwisha kuzoeana na ugonjwa kiasi, kisha anarudi shule. Kwa kawaida malaria huchukua siku saba au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza, kwa hiyo inamkuta Nakuru, mahali ambapo daktari hatangulii kuiwaza. Neno moja kwenye meza ya daktari, "tulikuwa magharibi mwezi uliopita," linaweza kumwokoa.

Kuhusu chanjo ya malaria, maneno ni mengi. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019, na kaunti nane ndizo zilizohusika: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia, Bungoma, Kakamega na Vihiga. Ni dozi nne, ya kwanza mtoto akiwa na miezi sita. Nasikia sana, "Wangu alichanjwa na bado akaugua, basi ni ya bure." Chanjo hii ni kama kofia ya boda: ukianguka bado utaumia, lakini kichwa kina nafasi nzuri zaidi ya kupona. Huko Kenya, Ghana na Malawi ilikofanyiwa majaribio, vifo vya watoto waliofikia umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, vikihesabiwa vya sababu zote isipokuwa ajali. Neti bado inahitajika. Kipimo bado kinahitajika.

Sasa kifua, mahali nilipokosea mimi.

Mtoto mwenye kikohozi na mafua ya kawaida hupumua kama alivyozoea, pua ikiwa imeziba tu. Mwenye nimonia mapafu yake yana sehemu zisizopitisha hewa, kwa hiyo analipa deni kwa kupumua haraka. Ni kama mtu anayechota maji kwa debe lililotoboka: lazima aende kisimani mara nyingi zaidi. Unaweza kuzihesabu safari hizo. Mngoje mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo. Weka saa ya simu dakika moja kamili, si nusu, kwa sababu pumzi za watoto huenda kwa mikupuo. Kila tumbo linapopanda ni moja. Chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ziandike nyuma ya mlango kama hutazikumbuka.

Kisha tazama chini ya mbavu. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia kali, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani anapovuta. Ukiona hivyo, au mdomo na ulimi umekuwa wa buluu, au anaguna kwa kila pumzi, au pua inapanuka kama ya mtu aliyetoka mbio, huyo anahitaji hospitali, na huenda akahitaji oksijeni. Kabla hujapanda matatu, uliza kama kituo unachokwenda kina oksijeni.

Nimonia isiyo kali hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya watoto, ile ya kuyeyushwa kwenye maji, kwa idadi ya siku alizoandika mtabibu hadi ya mwisho. Sharubati za kikohozi haziitibu, za dukani wala za kienyeji. Kukata kimio, jambo ambalo bado linafanywa vijijini kwetu mtoto akikohoa sana, hakuponyi chochote. Kunaongeza jeraha na damu kwa mtoto ambaye tayari hana nguvu.

Na baridi? Karibu kila mama ameambiwa kwamba nimonia huletwa na baridi, ndiyo sababu unakuta mtoto Kisumu, jua la saa saba, amevikwa sweta mbili, kofia ya sufi na blanketi juu. Nimonia huletwa na bakteria na virusi. Baridi haizai vijidudu. Kichanga anahitaji joto, hilo ni kweli, lakini mtoto mwenye homa akifunikwa hivyo joto halina pa kutokea. Ningependa juhudi hiyo yote tuihamishie kwenye moshi. Mtoto anayefungwa mgongoni mama akipika kwa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha anavuta kitu kinachoyachosha mapafu kila siku. Chanjo nazo zipo: ile ya nyumokokasi, inayozuia aina kubwa ya nimonia, iliingia kwenye ratiba ya Kenya mwaka 2011, na mtoto hupewa bure kliniki.

Kuharisha nitakupitisha haraka, kwa kuwa tiba yake ni rahisi. Anayeharisha hauawi na kuharisha. Anauawa na maji na chumvi vinavyomtoka. Utumbo uliougua haukubali maji matupu, lakini sukari kidogo ikija pamoja na chumvi, mlango hufunguka na maji huingia nazo. Ndiyo siri yote ya ORS, ile poda ya pakiti ya kuchanganya na maji. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, drip zilipokwisha Dk. Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu za wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe, na vifo vikashuka sana. Soma pakiti inasema maji kiasi gani; nyingi za hapa ni za nusu lita. Maji yawe safi, usipunguze wala kuongeza, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Mpe kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena taratibu. Zinki nayo anywe kwa siku kumi hadi kumi na nne, hata kuhara kukikoma. Flagyl ambayo wengi hukimbilia haifanyi kitu kwa kuharisha kwingi kwa maji, maana mara nyingi chanzo ni virusi. Kukiwa na damu kwenye choo, hiyo ni ya daktari. Macho yaliyoingia ndani, na ngozi ya tumbo inayobaki imesimama ukiifinya, ni dalili kwamba maji yamekwisha mno.

"Anaota meno" si maelezo ya mtoto anayeharisha na kuchemka. Meno huota katika umri uleule anaoanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wala hakuna yale wanayoyaita meno ya plastiki, eti ya kung'olewa. Hayo ni meno yake mwenyewe, bado yako chini ya ufizi.

Degedege humtisha kila mtu, na hofu hiyo ndiyo inayotufanya tufanye makosa. Si sihoho (jicho baya), si ndege, si laana ya ukoo. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano homa yenyewe inaweza kuuleta mtukutiko huo, na mara nyingi hukoma ndani ya dakika chache. Mlaze kwa ubavu, mbali na jiko. Usitie kijiko mdomoni, wala kitunguu puani, wala usimmwagie maji ya baridi. Tazama saa. Kisha mpeleke, hata kama ameamka anacheka, kwa sababu hapa kwetu malaria kali na homa ya uti wa mgongo huanza hivyohivyo na macho yako hayawezi kuzitofautisha. Ikipita dakika tano bila kukoma, ni dharura.

Wako watoto ambao kila ugonjwa huwaangukia kwa uzito zaidi. Aliyekonda, ambaye utepe wa kupimia mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, au miguu yote miwili imevimba, ana utapiamlo mkali, ingawa mtaani wataitaja chira na kutafuta nani alivunja mwiko. Mwenye siko seli, ugonjwa wa damu ulio mwingi magharibi mwa Kenya, huweza kuanza kwa kuvimba vidole vya mikono na miguu na macho kuwa ya manjano. Mhudumu wa afya wa kijiji anayepita nyumbani kwenu anaweza kumpima mkono papo hapo. Mruhusu aingie.

Panga safari kabla ya usiku wa safari. Jua ni boda gani anayepokea simu saa nane za usiku, na ufiche nauli mahali pasipoguswa. Ukielekezwa hospitali kubwa, iwe Russia (Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, hapa Kisumu) au kwingine, usipitie nyumbani kuoga wala kupika. Aendelee kunyonya njiani kama anaweza kumeza, maana sukari hushuka haraka kwa mtoto aliyezidiwa na malaria. Chukua kile kijitabu cha kliniki, na pakiti ya kila dawa aliyokunywa, hata ya kemisti, hata ile ya mitishamba aliyopewa na nyanya, na uitaje bila aibu. Ukifika na foleni ni ndefu, usikae kimya kwenye benchi. Nenda mbele, umwambie muuguzi dalili uliyoiona kwa maneno yake yenyewe: "Hawezi kunyonya tangu jana," au "Nimehesabu pumzi, ni sitini na mbili."